Matembezi ya familia bondeni, kiwiko cha binti yangu, na uongo niliomfundisha kwenye gari

Wakuu, wa kupewa shikamoo nawapa, wa rika langu mambo vipi.

Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu. Nacheka na visa vya wenzangu, nalala, sichangii hata neno. Leo nimeamua nami nifungue uzi, maana hili jambo limenikaa kifuani. Mke wangu ameniruhusu kuandika kwa sharti moja: nisijipendelee.

Kwa hiyo hii sio chai ya kutunga. Nimebadilisha majina tu.

Niko Birmingham, Uingereza, mtaa wa Acocks Green, mwaka wa tano huu. Kwetu ni Tukuyu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, na mke wangu, nimwite Rehema, ni nesi. Viza yetu sote imesimama juu ya kazi yake. Tuna binti mmoja, Atu, ana miaka minne. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza kama mtoto wa mwenye nyumba.

Kabla sijaenda mbali, niwaeleze jambo moja ambalo walio nyumbani wanaweza wasilielewe.

Huku sisi wazazi wa kutoka kwetu tuna hofu moja inayotuunganisha Wakenya, Wakongo na Watanzania kuliko hata dini. Tunawaita "social". Ni maofisa wa ustawi wa jamii, wale wenye uwezo wa kuingia kwako na kuondoka na mtoto wako. Kwenye sherehe zetu, pilau ikishaliwa, stori ni hizo. Fulani alimchapa mwanawe, hakumwona tena. Fulani mtoto aliongea shuleni, asubuhi wakagongewa mlango.

Mimi binafsi sijawahi kukutana na mtu aliyechukuliwa mtoto. Ila kila mtu anamjua mtu anayemjua. Ukisikia hizo stori miaka mitano, unaanza kutembea na mwanao barabarani kama umebeba mayai.

Haya. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tano, jua limetoka. Rehema yuko zamu. Rafiki yangu Papa Divine, Mkongo wa Bukavu tunayefanya naye kazi, akanipigia simu. Kuna mzungu kazini alimpa kijikaratasi cha matembezi ya mashambani, bonde moja upande wa Shropshire. Kimeandikwa kabisa kwamba ni njia rahisi, maili mbili na nusu, inafaa kwa familia.

"Batoto bamekaa na tablet tangu Noël, tangu Krismasi," akaniambia. "Twende tubatembeze, bapate hewa."

Nikaona wazo zuri. Nikamvalisha Atu gambuti zake za njano, nikafunga chapati na chai ya maziwa kwenye chupa, tukaondoka na magari mawili. Yeye alikuwa na binti yake Divine, miaka tisa.

Wakuu, lile bonde ni zuri, nisiwe mchoyo wa sifa. Kijito katikati, vilima pande mbili, kondoo wametapakaa kama mtu kamwaga pamba. Nikajisemea hii ni Tukuyu iliyochanwa nywele.

Lakini raha sikuwa nayo. Njia yenyewe inapita katikati ya mashamba ya watu! Unafungua geti la mtu, unakatiza malisho yake, unafunga, unaingia kwa mwingine. Hakuna hodi, hakuna wa kumuomba ruhusa. Kuna mshale mdogo wa njano umepigiliwa kwenye nguzo, basi, hiyo ndiyo ruhusa yako. Kila geti nililogusa nilitazama nyuma nikitegemea kusikia mtu anafoka. Nilikuwa nawasalimia wapita njia wote kwa sauti kubwa, ili waone sisi ni watu wema.

Atu yeye alikuwa peponi. Kuna mahali mawe yamepangwa kwenye kijito ili watu wavuke. Alivuka mimi nimemshika, akayahesabu, tisa. Akataka turudie. Tukarudia mara tatu. Hakuteleza hata kidogo. Hilo naomba mlishike.

Baada ya kijito tukaingia malisho mengine makubwa. Mwisho wake kuna uzio wenye vingazi viwili vya mbao, unapanda huku unashukia kule. Papa Divine na binti yake walikuwa wameshavuka. Mimi na Atu tuko nyuma, anaokota maua.

Ndipo nikawaona ng'ombe.

Mitamba kama ishirini, wakubwa, weusi. Walikuwa wamesimama mbali pembeni, halafu mmoja akaanza kuja. Wote wakafuata. Wakaanza kukimbia.

Najua mtanicheka. Mnyakyusa anaogopa ng'ombe! Mimi nimekua na ng'ombe, lakini wa kwetu unamjua kwa jina, amefungwa au ana mchungaji. Hawa hawana mtu. Wanakuja wenyewe, ardhi inatikisika, na mimi nina mtoto wa miaka minne mwenye maua mkononi.

Nikambeba mbio hadi kwenye uzio. Nikamsimamisha juu ya kile kingazi, nikaruka mimi kwanza ili nimpokee upande wa pili. Hapo ndipo nilipokosea. Nimetua, nageuka, mtamba wa mbele pua yake iko mgongoni kwa mwanangu.

Sikufikiri. Nilimdaka mkono mmoja, wa kushoto, nikamvuta kwa nguvu zote. Akapita juu ya ule uzio kama mzigo.

Nilisikia kitu kidogo kwenye kiwiko chake, kama mlio wa kidole kinapoalishwa. Kisha akapiga yowe.

Wale ng'ombe walisimama kwenye uzio wakatutazama. Hawakufanya lolote. Bibi mmoja wa kizungu mwenye mbwa akapita, akatuambia wasitutishe, ni udadisi tu, umri wao bado mdogo. Nikamjibu asante.

Atu alilia, akanyamaza, lakini mkono ukawa haufanyi kazi. Umening'inia ubavuni. Ukimgusa analia. Nikampa chapati, akapokea kwa mkono wa kulia. Nikamrushia ua upande wa kushoto, hakuinua hata kidole.

Nilimbeba mabegani maili moja hadi kwenye maegesho. Kichwani nilikuwa nawaza kitu kimoja. Sio mkono. Mkono nilijua utatibiwa. Nilikuwa nawaza nitasema nini hospitali.

Papa Divine naye alikuwa anawaza hilo hilo. Akanivuta pembeni ya gari, akashusha sauti, ingawa pale hakukuwa na mtu ila kondoo.

"Ndugu yangu, unisikie bien. Ukifika kule ukisema 'mimi nilivuta mutoto mukono', ni fini, imeisha. Docteur hatajua mambo ya ng'ombe. Ataandika tu: baba alivuta mutoto. Balisha kukuandika, balisha kumukamata mutoto."

"Sasa nisemeje?"

Akatazama kule bondeni. "Kulikuwa mawe. Aliteleza kwenye jiwe. Mutoto yote anateleza, si ndiyo? Na mie nitasema vile vile."

Wakuu, mimi nimefundishwa kazini kwangu haya mambo. Nikikuta mzee ana alama mkononi naandika ripoti, na kitu cha kwanza tunachotazama ni kama maelezo yanalingana na jeraha. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Na bado nilikubali. Ndio ujue hofu inavyomfanya mtu mjinga.

Safari ya kurudi mjini ni kama saa moja na robo. Ile saa moja na robo naijutia kuliko kitu chochote nilichofanya tangu niwe baba.

"Atu, mama, mkono umefanya nini?"

"You pulled me."

"Hapana. Uliteleza kwenye jiwe, pale mtoni."

"But I didn't."

"Uliteleza, mama. Sema, niliteleza kwenye jiwe."

Akautazama mkono wake, kisha akasema, "I fell on the stone."

"Safi sana." Nikampa biskuti.

Tukarudia. Na tena. Kila akipatia, biskuti. Akaona ni mchezo, hata akacheka mara moja huku mkono umelala mapajani. Tunaingia Birmingham alikuwa anaimba kabisa, fell on the stone, fell on the stone. Nikajipongeza. Niliona nimeokoa familia.

Hospitali yenyewe siitaji jina. Wafanyakazi wake hawakunikosea kitu.

Nesi wa kwanza akauliza imekuwaje, nikasema ameteleza kwenye mawe. Akaandika. Sasa sikujua kwamba ikisemwa mtoto ameanguka, hawaruhusiwi kumshika mkono ovyo, mpaka apigwe eksrei waone kama pamevunjika. Foleni ya eksrei ikawa ndefu. Tukakaa. Kupiga picha kwenyewe walimnyoosha ule mkono, akalia mpaka akatapika biskuti zote. Majibu yakarudi: hakuna mfupa uliovunjika.

Rehema nilishampigia. Naye nilimwambia ameteleza. Ndiyo, nilimdanganya na mke wangu. Akaruhusiwa kazini, akaja bado ana sare ndani ya koti. Akampakata Atu, akautazama ule mkono bila kuugusa. Kisha akanisemesha taratibu, kwa sauti ya kawaida ili watu wasigeuke.

"Baba Atu, huu mkono umevutwa."

"Aliteleza."

"Nakuuliza tena."

Kabla sijajibu pazia likafunguliwa, daktari akaingia. Binti mdogo tu, mpole, ameshika karatasi zetu. Alizungumza Kiingereza, mimi nawawekea kwa lugha yetu.

Akasema picha ni nzuri. Akasema kinachomshangaza ni kwamba mtoto aliyeanguka kwenye mawe hana hata mkwaruzo, na sweta lake halina tope kiwikoni. Akaniangalia kwa upole kabisa, akauliza:

"Kuna mtu yeyote alimvuta mkono leo? Inatokea sana kwa watoto wa umri huu, hata wakiwa wanacheza."

Wakuu, mlango ulifunguliwa pale, ukashikiliwa kabisa nipite. Nilichotakiwa kusema ni "ndiyo, mimi".

Nikasema, "Hapana."

Rehema akainamisha kichwa.

Daktari akachuchumaa mbele ya Atu. Akamsifia gambuti zake, kisha akamwomba amweleze kilichotokea.

"I fell on the stone," akasema Atu. Vizuri kabisa, kama tulivyofanya mazoezi.

"Pole. Lilikuwaje hilo jiwe? Lilikuwa kubwa au dogo?"

Atu akafungua mdomo, akaufunga. Mimi jiwe nilimpa, ila sikumpa ukubwa wake. Akageuka akanitazama, macho makavu, anataka kupatia.

"Daddy, which stone was it?"

Jiwe lipi, baba.

Nilisikia mashine ikilia kitanda cha jirani. Daktari hakunikaripia, alisimama tu taratibu na kuweka kalamu yake juu ya karatasi. Rehema alimkumbatia mtoto kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, kama vile anamlinda dhidi yangu.

Nikasema. Yote. Ng'ombe, uzio, mkono, maegesho, biskuti. Kiingereza kilinipiga chenga, nikawa nachanganya, nikawa nalia. Mwanaume mzima.

Daktari akasikiliza hadi mwisho. Akaomba ruhusa kwa Rehema, sio kwangu. Akakishika kiwiko cha Atu kwa mkono mmoja na kiganja kwa mwingine, akazungusha na kukunja. Tiki, kiungo kikarudi mahali pake. Atu akalia kidogo. Dakika kumi baadaye alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto kupokea stika ya twiga.

"Ungeniambia tangu mwanzo," daktari akasema, "hangekaa na maumivu haya saa zote hizo."

Nilidhani tumemaliza. Wapi! Akaja nesi mkubwa wa kitengo cha watoto, akatuchukua mmoja mmoja. Akaniambia kitu ambacho nakikumbuka neno kwa neno:

"Kumvuta mkono sio kinachonisumbua. Wazazi wanaovuta mikono ninawaona kila wiki. Kinachonisumbua ni mtoto wa miaka minne kufundishwa la kusema."

Nikaona nijitetee. Nikamwambia nina shahidi, rafiki yangu alikuwepo, aliwaona ng'ombe. Nikampigia Papa Divine hapo hapo, nikaweka spika ili nesi asikie. Simu ikapokelewa, na kabla sijafungua mdomo, jamaa akaanza kwa Kiingereza chake chote:

"Yes! The stone! Very, very big stone!"

Nikaishiwa pozi. Nesi akafumba macho. Leo naweza kucheka, siku ile nilitamani sakafu inimeze. Kusema kweli Papa Divine hakuwa na kosa, alikuwa anatimiza ahadi.

Waliongea kwa simu na ofisa wa zamu wa social. Ndio, hao hao. Tukaruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto wetu, tukaambiwa tutatembelewa.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Simu ikiita kazini naangusha vitu. Rehema alienda mwenyewe kwa mkuu wake wa kazi akaeleza kabla hajaulizwa, akarudi, hakuniambia walisema nini. Alihamia chumba cha Atu. Tulikuwa tunaongea mambo ya maziwa na nguo tu. Mara moja tu alisema alichokuwa nacho moyoni: "Ungeniambia mimi. Mimi ni nesi, Baba Atu. Ungeniambia mimi tu."

Mama mmoja wa social akaja Jumanne. Nilikuwa nimepiga deki mara tatu. Alitazama kitanda cha mtoto, akafungua friji, akakaa chumbani na Atu peke yao, mlango uko wazi nusu. Mimi niko jikoni nimeshika sufuria tupu. Nikamsikia mwanangu anacheka. Yule mama alikuwa mtu wa kawaida tu, amechoka, soksi moja imeshuka. Alikubali chai yetu ya tangawizi, akauliza inapikwaje.

Baada ya wiki kadhaa barua ikaja. Hakuna hatua zaidi. Rehema aliisoma akiwa amesimama, akakaa chini, akaisoma tena. Papa Divine akaja na soda na kuku, akapiga magoti sebuleni kwangu. "Mungu ni mukubwa!" Tukala. Rehema akarudi chumbani kwetu. Mimi nikajua limeisha.

Halikuisha.

Mwezi uliopita nilikwenda kumchukua Atu chekechea. Mwalimu akaniomba dakika moja. Akaniambia Atu alianguka uwanjani wakati wa michezo, ameparuza goti, wamemsafisha, hakuna neno. Walimu wawili walimwona akianguka, alikuwa anakimbiza mpira.

"Ila kuna kitu," akasema. Hakuwa anatabasamu. "Nilipomuuliza imekuwaje, hakutaka kusema. Alisema anasubiri baba yake aje amwambie imekuwaje."

Nilimshika mwanangu mkono, polepole, tukatoka. Nje kuna benchi, nikakaa, nikamsimamisha mbele yangu. Goti lina plasta yenye dubu.

Nikamwambia kwa Kiswahili: "Atu, nisikilize. Mtu akikuuliza kitu, unasema kilichotokea. Kile ulichokiona wewe. Usingoje baba."

Akafikiri. Akauliza, "Even if it's you?"

Hata kama ni wewe.

"Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi."

"And no biscuit?"

"Hakuna biskuti."

Akasema okay, akataka tuondoke, njaa inamuuma. Nikainuka, tukaenda.

Somo nililopata sio refu, wakuu. Nilikuwa naogopa watu wa nje wasije wakamchukua mwanangu, na huku mimi mwenyewe nilimnyang'anya ushahidi wa macho yake kwa pakiti moja ya biskuti. Siku akija kuumizwa kweli na mtu, nani atamwamini, na yeye atajiamini vipi? Hilo ndilo linaninyima raha sasa hivi, social hawamo kabisa. Bado namuuliza kila jioni siku yake imekwendaje, na bado mara nyingine ananitazama kwanza usoni kabla ya kujibu. Ikitokea hivyo naangalia pembeni, nasubiri.

Wenye watoto huku ughaibuni, na nyumbani pia: ninyi wa kwenu mnawaambia waseme nini wakiulizwa na daktari au mwalimu? Nijibuni ukweli. Nitasoma zote, na wenye kunitukana ruksa, mke wangu anasoma pia.